Chujio la Tangi Kubwa la Samaki: Anza na Swali la Umeme

Anayeamua kuweka tangi kubwa la samaki sebuleni huona mfuko ukianza kutoboka kwenye kioo. Kisha linakuja kabati la kulibeba, taa, mchanga, mawe na samaki wenyewe. Chujio hununuliwa kwa kilichobaki, na mara nyingi mnunuzi hutazama namba moja tu kwenye boksi: lita ngapi kwa saa. Namba ikiwa kubwa, anaridhika.

Namba hiyo haisemi uongo, ila inasema machache. Chujio lina kazi mbili zisizofanana: kuzoa uchafu unaoonekana na kuondoa sumu isiyoonekana. Katika nchi zetu linakutana na mtihani wa tatu, nao ni kukaa saa kadhaa bila umeme. Machujio mengi yanafaulu kazi ya kwanza. Machache yanafanya vizuri ya pili. Huo wa tatu ndio unaotenganisha mifumo, na mnunuzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura angepaswa kuanza nao, badala ya kuukumbuka siku samaki wameelea.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho: tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60, la kufugia samaki wa jamii ya sikilidi kutoka Ziwa Tanganyika. Maji yakifika sentimita 55 ni takriban lita 590. Ongeza kioo cha milimita 12, mchanga na mawe, unapata mzigo wa kilo 800 hivi kwenye eneo la kama mita moja ya mraba. Mzigo huo unataka stendi ya chuma iliyochomelewa vizuri, sakafu ya zege iliyo sawa, na nafasi ya chini ya kuweka vifaa. Nafasi hiyo ya chini tutaihitaji baadaye.

Sumu inayotegemea aina ya maji

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani ni ziwa moja tu linalolizidi kwa kina, Baikal la Urusi. Ndani yake wanaishi zaidi ya spishi 200 za sikilidi, na karibu wote hawapatikani kwingine kokote. Wapo frontosa wenye michirizi na paji lililovimba, Tropheus wanaokwangua mwani kwenye miamba, na wale wadogo wanaotaga ndani ya makombe matupu ya konokono. Miaka ya 1970 Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura, alisaidia kuwatambulisha kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Leo wanatoka hai Kigoma pia, na wengine wanaishia kwenye sebule za Afrika Mashariki yenyewe.

Maji ya ziwa hilo ni ya vuguvugu, nyuzi 25 hadi 27 karibu na juu, yana kabonati nyingi, na pH yake ni kati ya 8.6 na 9 hivi. Mfugaji hujitahidi kuyaiga, na hapo ndipo hatari inapoongezeka. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Ndani ya maji amonia hukaa kwa sura mbili: moja isiyo na madhara makubwa, na nyingine ambayo ni sumu kali. Uwiano wa sura hizo huamuliwa na pH na joto. Kwa nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura ya sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja.

Weka hesabu hiyo kwenye tangi letu. Ukilisha gramu 10 za chakula chenye protini asilimia 40, umeingiza gramu 0.64 za nitrojeni. Tukikadiria kwamba nusu yake tu inarudi majini kama amonia, ni zaidi ya nusu miligramu kwa kila lita kwa siku moja. Kwenye pH 9, karibu miligramu 0.2 ya hiyo ni sumu, ilhali mpaka unaotajwa mara nyingi katika ufugaji wa samaki ni miligramu 0.02 hivi. Kwa hiyo chujio ambalo lingetosha kwa samaki wa maji laini linaweza kushindwa kwa sikilidi wa Kigoma, ingawa idadi ya samaki ni ileile, chakula ni kilekile na tangi ni lilelile.

Wafanyakazi wanaovuta hewa

Anayeondoa amonia ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Kwa muda mrefu vitabu viliipa sifa ya hatua hiyo ya pili jamii ya Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamii nyingine, Nitrospira. Mwaka 2015 ikagundulika kwamba baadhi ya Nitrospira wanaweza kufanya hatua zote mbili peke yao. Kwa mnunuzi, somo ni kutokuamini kila chupa ya bakteria dukani. Mbegu iliyo ya uhakika zaidi ni kipande cha sponji kutoka tangi la rafiki linaloenda vizuri na lisilo na magonjwa.

Mambo mawili kuhusu bakteria hawa yanaamua umbo la chujio. La kwanza, hawaelei; hujishika kwenye nyuso za vitu, kwa hiyo wanahitaji kitu chenye vinyweleo vingi. Hapa hakuna haja ya kuagiza mbali. Sponji yenye matundu makubwa, skrabu za plastiki za kuoshea vyombo zisizo na sabuni, na mawe mepesi ya volkano yapatikanayo pande za Meru, Kilimanjaro na Rungwe hufanya kazi vizuri yakishaoshwa. La pili ni oksijeni. Kubadilisha gramu moja ya nitrojeni ya amonia kuwa nitrati hula zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Chujio ni mkazi mwenza wa tangi anayevuta hewa pamoja na samaki, usiku na mchana. Likinyimwa hewa, kwanza linaacha kazi, kisha linakufa, kisha linaoza.

Mchakato huohuo hula kabonati za maji, na zikiisha pH hushuka ghafla. Jijini Nairobi, ambako maji mengi ya bomba hutoka bwawa la Ndakaini yakiwa laini, mfugaji wa sikilidi wa Tanganyika lazima aongeze kabonati. Njia rahisi ni mfuko wa wavu wenye kokoto za chokaa ndani ya chujio. Dondoshea kokoto tone la siki; ikitoa povu, ina kabonati. Pwani, kokoto za mawe ya matumbawe ya ujenzi zinafaa baada ya kuoshwa chumvi. Matumbawe hai yabaki baharini.

Mifumo mitatu mezani

Chujio la mtungi, lile linalofungwa chini ya tangi na kuunganishwa kwa mipira miwili, ndilo linalouzwa zaidi kwa matangi makubwa. Halina kelele, halitoboi kioo, na linahamishika mwenye nyumba akibadilisha mkataba. Udhaifu wake umo ndani ya sifa yake: limefungwa. Maji yanayopita ndiyo pekee yanayoingiza oksijeni. Pampu ikisimama, bakteria waliojazana ndani humaliza hewa iliyopo, na baada ya saa kadhaa mtungi hugeuka chombo cha maji yaliyooza. Umeme ukirudi, pampu humwaga uozo huo moja kwa moja kwa samaki. Kwa kuwa kulifungua ni usumbufu, wengi pia huchelewa kulisafisha, na uchafu ulionaswa huendelea kutoa amonia ukiwa palepale.

Mfumo wa pili ni mkeka wa sponji, ambao wafugaji wanauhusisha na jiji la Hamburg, Ujerumani. Unasimamisha sponji nene ya sentimita 5 hivi upande mmoja wa tangi, kutoka kioo hadi kioo. Nyuma yake unaacha nafasi, na mabomba yenye mapovu ya hewa yanayanyanyua maji kutoka nyuma na kuyarudisha mbele. Kanuni ya mwendo wake ni sentimita 5 hadi 10 kwa dakika kupita kwenye sponji. Kwa mkeka wa 60 kwa 55, kiwango cha juu ni kama lita 2,000 kwa saa. Hauhitaji fundi wala kifaa cha bei kubwa, na unaendeshwa na pampu ya hewa ya wati chache. Kasoro zake ni mbili: unaonekana, na hauzoi taka nzito za samaki wakubwa kama frontosa.

Wa tatu ni sampu, yaani tangi la pili linalowekwa kwenye ile nafasi ya chini. Maji hufurika kupitia bomba, hushuka kwa uzito wake, hupita kwenye sponji na mawe, kisha pampu huyarudisha juu. Sampu huongeza ujazo wa maji, huingiza hewa maji yanapoanguka, huficha hita na vifaa vingine, na husafishwa bila kuwasumbua samaki. Gharama yake ni mabomba ya PVC, kioo kilichotobolewa kwa usahihi, kelele kidogo, na hesabu. Hesabu hiyo ndiyo wengi wanairuka.

Hesabu ya maji yatakayoshuka

Tangi letu likiwa na eneo la juu la mita za mraba 1.08, kila sentimita moja ya maji ni karibu lita 11. Tuseme sampu ina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Ikijaa kabisa ni lita 180 hivi. Pampu ikifanya kazi, maji yake yakae sentimita 25, yaani lita 100. Imebaki nafasi ya lita 80.

Umeme ukikatika, maji yaliyo juu ya ukingo wa bomba la kufurikia hushuka. Yakiwa sentimita 3, ni lita 32 tu, na sampu inayapokea bila wasiwasi. Lakini tazama bomba la kurudishia. Kama mdomo wake umezama sentimita 10 chini ya uso wa maji, pampu ikisimama bomba hilo hugeuka sifoni na kunyonya maji kurudi chini hadi mdomo utoke kwenye maji. Sentimita 10 ni lita 108. Sampu ina nafasi ya 80. Lita 28 zinaenda sakafuni, na huenda zikapita kwenye ekstensheni ya umeme iliyolala pale chini.

Tiba yake ni mdomo wa bomba kukaa karibu kabisa na uso wa maji, pamoja na tundu dogo lililotobolewa kwenye bomba ili livute hewa na kukata sifoni. Vali ya njia moja peke yake haitoshi, kwa sababu konokono mmoja au uzi wa mwani huizuia isifunge. Soketi zikae juu kuliko maji, na kila waya ulegee kidogo chini ya soketi ili tone lidondoke kabla ya kuifikia. Breka inayokata umeme unapovuja si anasa mahali ambapo mtu hutumbukiza mikono kwenye maji.

Kuhusu pampu, kanuni inayotumika sana ni kuzungusha ujazo wa tangi mara 4 hadi 6 kwa saa, na wafugaji wa sikilidi huenda juu zaidi. Kwetu, mara 5 ni kama lita 3,000. Namba ya kwenye boksi hupimwa bila mwinuko na bila viwiko. Pampu inayopandisha maji mita 1.5 inaweza kubakiwa na nusu ya nguvu hiyo. Pima mwenyewe: elekeza bomba la kurudishia kwenye ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 24, una lita 3,000 kwa saa. Ikichukua sekunde 40, una 1,800, hata boksi liseme nini. Pampu ya wati 40 inayokesha hula yuniti 29 kwa mwezi, kwa hiyo kununua kubwa kupita kiasi ni kulipa LUKU au tokeni bila faida.

Saa nne za giza

Mwishoni mwa 2023 Tanzania ilipita kwenye mgao wa umeme, na mwaka huohuo, usiku wa Agosti 25, gridi ya Kenya ilianguka na sehemu nyingi za nchi zikakaa gizani kwa saa nyingi. Matukio makubwa kama hayo huandikwa magazetini. Yanayoua samaki kimyakimya ni yale ya saa tano au sita za kawaida, mchana watu wakiwa kazini.

Maji ya nyuzi 28, joto la kawaida la tangi la Dar es Salaam, hubeba miligramu 7.8 za oksijeni kwa lita yakishiba. Tangi zima lina gramu 4.6 hivi. Samaki wenye jumla ya kilo 3 hutumia kati ya miligramu 200 na 300 kwa kila kilo kwa saa, yaani karibu robo tatu ya gramu. Wakifika kwenye miligramu 3 kwa lita wanaanza kutweta juu ya maji. Kwa makadirio hayo, hata tukiacha kando oksijeni wanayoila bakteria, na kiasi kidogo kinachoingia chenyewe juu ya maji, una saa 4 hivi za usalama. Tangi lililojaa samaki mara mbili lina saa 2.

Jibu halihitaji jenereta. Pampu ndogo ya hewa ya wati 5 inayotumia volti 12, ikiunganishwa na betri ya ukubwa wa pikipiki ya saa-ampea 7, inafanya kazi saa 8 bila kuimaliza zaidi ya nusu. Pampu ya maji ya wati 40 kwenye betri hiyohiyo, kupitia inveta, haifikishi hata saa nzima kwa masharti hayohayo. Hii ndiyo sababu chujio linaloendeshwa kwa mapovu, hata kama ni sponji mbili tu pembeni mwa tangi lenye sampu, lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana: linapumua na kuchuja kwa wakati mmoja, kwa umeme kidogo ambao betri inaumudu.

Giza likishaingia, acha kulisha. Mwenye mtungi, zikipita saa mbili au tatu, aufungue na kumwaga maji yaliyomo kabla ya kuuwasha. Sponji zake zikae kwenye ndoo ya maji ya tangi yenye jiwe la hewa. Katika Nairobi ya Julai kuna shida ya ziada, kwa kuwa hita nayo imezimika na maji yanapoa. Blanketi kuzunguka kioo husaidia.

Kile ambacho chujio halifanyi

Hakuna chujio kati ya hayo matatu linaloondoa nitrati kwa kiwango cha kutegemewa. Hiyo huondoka kwa kubadilisha maji. Robo ya tangi letu kila wiki ni kama lita 150, yaani ndoo 7 na nusu za lita 20, au mpira mrefu na bomba lililo karibu. Maji ya bomba hutiwa klorini, ambayo huua samaki na bakteria wa chujio kwa pamoja. Yaache wazi siku moja au mbili pamoja na jiwe la hewa, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Ukijua kwamba mamlaka yako ya maji hutumia kloramini, dawa ni lazima, kwani hiyo haiondoki kwa kuachwa wazi. Wenye visima vya maji ya chumvichumvi, ambavyo ni vingi Dar es Salaam, wasidhani ndiyo maji magumu ya Tanganyika: chumvi ya kawaida si kabonati.

Makaa amilifu huondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa, si amonia. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo. Taa ya urujuanimno husaidia maji yaliyogeuka kijani, lakini si ya lazima. Fedha za vitu hivyo zingenunua betri kwanza.

Tangi jipya linahitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya bakteria kutosha. Tia amonia kidogo kidogo, pima, na subiri siku ambayo amonia na nitriti zote zinasoma sifuri saa 24 baada ya kutia. Baadaye sponji ioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba wala kwa sabuni. Kila aliye nyumbani, pamoja na dada wa kazi, alijue hilo, maana usafi wa nia njema umeshamaliza machujio mengi. Na usioshe kila kitu siku moja.

Hukumu

Kwa mwenye nyumba yake na tangi la lita 500 kwenda juu, sampu yenye pampu ya kiasi, pamoja na sponji mbili za hewa zilizounganishwa na betri, ndio mfumo unaostahili kupewa fedha za kwanza. Kwa mpangaji, mkeka wa sponji ukisaidiwa na mtungi mmoja wa kuzoa taka ni bora kuliko mitungi miwili mikubwa. Kwa wote wawili, samaki wachache zaidi ndilo chujio la bei nafuu kuliko yote, kwa sababu kila samaki asiyenunuliwa anaongeza dakika kwenye zile saa nne.

Kabla ya kuingiza samaki hata mmoja, jaza tangi, washa kila kitu, kisha zima swichi kuu mchana kweupe ukiwa na ndoo na tambara mkononi. Angalia maji yanaposimama kwenye sampu, sikiliza kama pampu ya betri imeshika, subiri saa mbili, washa tena. Mfumo ukifaulu hapo, nenda kanunue samaki. Ukishindwa, umeharibu maji tu, na bado una muda wa kumwita fundi bomba.